Siku Niliyotembea Mfereji na Baba Mkwe

Gethin, mume wangu, alitegua kifundo cha mguu Jumamosi alasiri akicheza raga na vijana waliomzidi mbio na akili, na ndiyo maana Jumapili nikajikuta mimi ndiye ninayekwenda matembezi na baba yake.

Ilikuwa Mei ya mwaka 1979, nami nina mwaka wa tano katika nyumba ya akina Parry pale Chirk. Baba mkwe wangu, Idwal, alikuwa ametimiza miaka sabini na minne. Thelathini na minane kati ya hiyo aliitumikia kazi moja: kuutunza mfereji wetu huu unaopita mpakani mwa Uingereza na Wales. Kufyeka kingo, kuzoa tope, kuziba panapovuja. Hakuna jiwe lake asilolijua, lakini hakuwahi kuutembea kwa starehe. "Nimeutembea na koleo begani," alikuwa akisema. "Kabla sijafa nitautembea mikono mfukoni, kama bwana mkubwa." Gethin alikuwa amemwahidi kwamba wataifuata njia ya farasi, kando ya maji, mpaka Kiatu cha Farasi, pale ukuta wa mawe unapoukinga mto Dee na kuyageuza maji yaingie mferejini. Kilomita kumi na nane. Mashua zina injini siku hizi, hazivutwi tena na farasi, ila njia waliyoikanyaga wale wanyama ipo, na jina halijabadilika.

"Nenda naye wewe," Gethin akaniambia, mguu wake umelazwa juu ya mito miwili. "Mzee ameshafunga chakula."

"Tutaongea nini kilomita kumi na nane?"

"Hamtaongea. Utafurahi."

Sikuwa na ugomvi na mzee. Ni kwamba tu tulikuwa hatujawahi kukaa wawili peke yetu. Mimi ni msusi, nilikuwa na kiti changu katika saluni moja Oswestry, na maneno ndiyo mtaji wangu. Yeye akimaliza wiki bila kutamka sentensi tatu huona ameishi vyema. Isitoshe mimi ni Mwingereza. Nimezaliwa ng'ambo ya bonde, hatua chache tu kutoka mpakani, lakini kwa akina Parry hatua hizo zilihesabiwa kama bahari.

Nilimkuta mlangoni, kofia kichwani, ananitazama miguu.

"Viatu gani hivyo, Lorna?"

"Vya kutembelea, Baba."

"Vya kutembelea dukani," akasema, akatangulia.

Tulianzia ng'ambo, upande wa kwetu, kwa sababu mzee alilitaka daraja zima la maji la Chirk, si nusu yake. Matao kumi ya mawe yameubeba mfereji juu ya bonde la mto Ceiriog, na ubavuni mwake limesimama daraja la reli lililojengwa baadaye, refu kulipita kwa kimo, kama mdogo wa mtu aliyemzidi kaka yake na hana haya ya kumsimamia begani. Nilikuwa nimepita pale tangu utotoni nikiwa na baiskeli, nikiwa na haraka, nikiwa na Gethin. Sikuwahi kusimama. Mzee alisimama. Katikati kabisa akagonga ardhi kwa fimbo.

"Hapa. Nyuma yangu ni kwenu, mbele yangu ni kwetu. Mkitaka maji, mje mwombe kwa adabu."

"Lakini Baba, maji yote yanateremkia kwetu. Nyinyi mnayakusanya kule milimani, mnayaleta mpaka mlangoni, wala hatujawaita."

Aligeuka, akaendelea na safari. Nikadhani nimeharibu siku kabla haijaanza. Kisha nikasikia sauti fulani puani mwake, na ilinichukua muda kutambua kwamba baba mkwe wangu anacheka.

Mwisho wa daraja unaingia handakini papo hapo. Ni giza tupu, mita zaidi ya mia nne, njia nyembamba upande mmoja na ubao wa kushikilia uliolainishwa na viganja vya watu mpaka ukawa kama mpini wa jembe la babu. Maji yalidondoka kutoka juu, tone tone. Nilikuwa ninahesabu hatua ili nisifikirie panya, mara mzee akaanza kuimba. Wimbo wa kanisani, kwa Kiwelisi, kwa sauti nzito ambayo sikujua anaihifadhi wapi. Handaki liliichukua ile sauti, likaizungusha, likairudisha ikiwa sauti za watu ishirini. Vinyweleo vilinisimama. Na alipofika kwenye kiitikio, kutoka gizani mbele yetu mtu mwingine akaitikia! Hakuwa na maneno, alikuwa anaguna tu, tena nje ya ufunguo wa wimbo, lakini kwa moyo wote.

Tulipotoka mwangani tukamwona: mwanamume mnene mwenye ndevu nyekundu, amesimama nyuma ya mashua ndefu nyembamba, mkono kwenye usukani. Mkewe alikuwa amekaa juu ya paa anamenya viazi.

"Samahani, mzee," akapaza sauti. "Sijui maneno. Mimi ni mtu wa Birmingham."

"Hata ufunguo hukuujua," mzee akamjibu. "Ila asante."

Huyo alikuwa Norman Tibbs, na mke wake Doreen. Kwa kuwa mashua ya mferejini haikimbii kumshinda mtu atembeaye, tulipishana nao asubuhi nzima. Tukisimama wanatupita, wakisimama kunywa chai tunawapita. Kila mara Norman alimpungia mzee, na kila mara mzee aliinua kidole kimoja, ambacho kwake ni kama kumkumbatia mtu.

Baada ya handaki la pili bonde lilifunguka upande wa kulia, na kuanzia hapo mzee alianza kunionyesha vitu. Hakuhutubu. Alinyoosha fimbo tu. Chini ya daraja dogo la matofali alinishika mkono, akaviingiza vidole vyangu kwenye mifuo iliyochimbika pembeni mwa ukuta, mirefu, laini, kina chake kama kidole gumba.

"Nani alichonga hivi?" nikauliza.

"Kamba. Farasi anavuta huku, mashua iko kule, kamba inasugua kona. Miaka mia na ushei."

"Kamba imekula tofali?"

"Kamba na mchanga wa kwenye kamba. Haina haraka."

Kijijini Froncysyllte alinionyesha matanuru ya chokaa yaliyofunikwa na miti, midomo yake myeusi mikubwa inayoweza kumeza gari. Na baada ya hapo, bila kunitayarisha, akaniongoza juu ya Pontcysyllte.

Jina hilo lilinichukua miaka miwili kulitamka. Daraja lenyewe sijalizoea mpaka leo. Ni hori la chuma, refu mita mia tatu, limewekwa juu ya nguzo za mawe nyembamba zilizosimama bondeni, na mto Dee unapita chini mita thelathini na nane. Upande wa njia kuna uzio wa chuma. Upande wa pili hakuna kitu. Maji yanafika ukingoni mwa chuma, na baada ya chuma ni hewa. Mashua ya akina Tibbs ilikuwa mbele yetu, na kutoka mahali niliposimama ilionekana inaelea angani, na Doreen juu ya paa amefunika macho kwa viganja viwili.

Nikashika uzio.

"Usitazame chini," nilijiambia kwa sauti.

"Tazama," mzee akasema. "Watu walijenga hili kwa njaa na baridi ili wewe utazame. Tazama, Lorna."

Nikatazama. Niliona vilele vya miti, kunguru wakiruka chini ya miguu yangu, mto ukitoa povu kwenye miamba, mtu mmoja na mbwa wake uwanjani wakiwa wadogo kama punje za mchele. Sikuwahi kuona kitu kikubwa kilichotengenezwa kwa mikono kikanyamaza hivyo. Hakikujigamba. Kilibeba maji tu, kutoka upande mmoja wa bonde kwenda wa pili, kama mama abebavyo beseni.

"Mimi na hili tumepishana miaka mia kamili," mzee alisema, akikipapasa kile chuma. "Limefunguliwa mwaka 1805, mimi nikaja 1905. Lenyewe halijaanza hata kulalamika magoti."

Akanieleza kwamba chini ya hori, katikati, kuna kizibo, na kwamba aliwahi kuwa mmoja wa watu waliokivuta kwa mnyororo ili wakague chuma. Maji yote ya daraja yalimwagika mtoni kwa mkupuo mmoja, mkia mweupe mrefu, na upinde wa mvua ukatokea ndani yake. Wenzake walipiga makofi. "Mimi sikupiga," akasema. "Mikono ilikuwa imeshika kofia. Nilikuwa nimeivua."

Hizo zilikuwa sentensi nyingi kuliko nilizomsikia akisema tangu harusi yangu.

Tulikula tulipofika kijiji cha Trevor, kwenye benchi: mikate ya jibini na vitunguu vya siki, halafu *bara brith*, ule mkate wetu wa zabibu kavu zilizolala kwenye chai. Kisha njia ikakata kushoto, kuelekea mji wa Llangollen. Hapo mfereji umekatwa ubavuni mwa kilima: kulia mlima, kushoto njia, na kushoto ya njia mteremko unashuka moja kwa moja mpaka bondeni. Ukiangalia unaelewa kwamba ni ukingo huu wa udongo, na njia hii uliyoikanyaga, ndiyo inayoyazuia maji yasiende kumsalimia kila aishiye chini.

Tulikuwa tumetembea kama nusu saa pale mzee aliposimama.

"Nyamaza."

"Sijasema kitu, Baba."

"Basi endelea hivyo hivyo."

Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Mimi nilisikia ndege na kondoo. Akaacha njia, akashuka mteremko kwa kushikashika matawi, nami nikamfuata nikiteleza. Chini, kwenye nyasi, palikuwa na maji yanatoka ardhini, wingi wake kama bomba la jikoni lililofunguliwa nusu. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

Mzee alichovya kidole, akakisugua kwa gumba. Uso wake ulibadilika.

"Yangekuwa meupe, ningekwenda nyumbani nikaandika barua. Maji meupe ni jasho la ukingo. Haya yamebeba udongo. Fuko amechimba, maji yameona njia, sasa ukingo unaliwa tumbo."

"Utapasuka?"

"Utapasuka."

"Lini?"

"Sikuzaliwa mganga. Labda saa mbili zijazo. Labda dakika ishirini."

Wahenga walishasema yao kuhusu ufa na ukuta. Mimi siku ile niliuona ufa wenyewe, na chini yake, hatua mia hivi, nikaona bomba la moshi la nyumba ndogo ya mawe, bustani ya kabichi na banda la kuku. Aliishi hapo Bi. Eluned Maddocks, mwanamke mwenye umri kama wa mzee, peke yake.

Baba mkwe hakupandisha sauti. Alinishika mabega. "Sikia. Maji yanakuja kutoka kule tuendako. Kwenye daraja la mbele kuna mbao za kuzibia, zimewekwa chini ya bati. Daraja tulilopita zipo nyingine. Tukiziba mbele, kisha nyuma, patakapopasuka patatoa maji ya kipande hiki tu. Yatamharibia Eluned bustani. Tusipoziba, yanatoka ya mfereji mzima. Wewe una miguu. Shuka kwake, apige simu ofisi ya mfereji, aseme Idwal Parry ameona maji machafu. Kisha atoke nyumbani, apande juu kulia, si kushoto. Kisha unikute daraja la mbele."

Nilikimbia. Bi. Eluned alikuwa amerudi kanisani, bado na kofia yake, anakoroga mchuzi. Nilipomaliza kusema hakuuliza swali hata moja isipokuwa, "Idwal ndiye kasema?" Nikajibu ndiyo. Akazima jiko, akaenda kwenye simu.

Niliporudi juu nilimkuta mzee darajani akibishana na Norman Tibbs, ambaye alikuwa ameegesha mashua hapo kwa chakula cha mchana, kitambaa bado shingoni.

"Lakini mzee, ni Jumapili!"

"Maji hayajui Jumapili. Sogeza mashua mbele ya daraja, uje ubebe."

"Norman," Doreen akasema kutoka ndani, "sogeza mashua."

Pale chini ya daraja mfereji umebanwa na kuta mbili za mawe, na katika kila ukuta kumechongwa mfuo wa wima. Ubao unaingizwa kwenye mifuo miwili, unasukumwa kwa mti mrefu mpaka chini, kisha mwingine juu yake, na mwingine, mpaka maji yamepata mlango uliofungwa. Ni jambo rahisi kulieleza. Mbao zenyewe ni nene kama kitabu kikubwa, zina vishikio vya chuma, na kila mmoja ulitutoa jasho watu watatu.

Ubao wa kwanza ulizama upande mmoja, upande wa pili ukakataa. Norman aliuelemea ule mti kwa uzito wake wote, na uzito wake haukuwa wa mchezo. Haukuteremka.

"Kuna kitu ndani ya mfuo," mzee akasema, akaanza kuvua koti.

"Baba, unafanya nini?"

"Naingia."

"Na miaka hiyo? Hapana!"

"Unataka aingie nani, huyu mwimbaji?"

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Nilivua viatu vyangu vya dukani, nikakaa kwenye jiwe, nikajitosa. Maji yalinifika kifuani, na baridi yake ilinipokonya pumzi kama kofi. Tope la chini lilinimeza mpaka vifundoni. Mzee alilala kifudifudi juu ya mawe, uso wake karibu na wangu.

"Usishindane na maji. Geuza ubavu. Sasa mkono wa kulia ushuke kwenye ukuta. Unauhisi mfuo?"

"Nauhisi."

"Fuata mpaka chini."

Ilinibidi nizamishe kichwa. Nilipapasa katika giza la kijani, mara vidole vikagonga kitu cha pembe. Tofali, limejibana kiubavu. Nililivuta, halikutoka. Nikainuka, nikahema.

"Ni tofali!"

"Litikise kwanza kama jino. Usivute."

Nikazama tena. Nikalitikisa, huku na huku, huku na huku, kucha zikikatika moja baada ya nyingine, mapafu yakinipigia kelele, mpaka likalegea. Nilitoka nalo mkononi kama mtu aliyeokota dhahabu. Doreen alishangilia. Mzee alilitazama lile tofali, akanitazama mimi.

"Toka humo kabla ubao haujakuangukia," akasema. Akanivuta juu kwa mikono yote miwili.

Mbao zilishuka sasa moja baada ya nyingine. Bado maji yalichuruzika katikati yake, vijito vyembamba kumi. Mzee alimwuliza Doreen kama jiko la mashua lina majivu. Doreen akaleta ndoo nzima. Mzee akayamwaga taratibu upande wa maji mengi, na macho yangu yakaona jambo ambalo hata leo hulisimulia saluni: yale majivu yalivutwa na vijito vyenyewe, yakaingia kwenye nyufa, yakazijaza, na maji yakakoma. Maji yalijifungia mlango.

"Sasa daraja la nyuma," mzee akasema. Alikaa juu ya jiwe, amekuwa mweupe kama chokaa. "Msipite kwenye njia, inazama. Vukeni daraja, piteni malishoni upande wa mlima."

"Na wewe?"

"Mimi miguu imeisha. Nenda wewe. Umeona inavyofanywa."

Tulimwacha Doreen naye. Mimi na Norman tulikimbia kati ya kondoo, mimi bila viatu, nguo zimenigandama, yeye akihema kama injini yake. Kule nyuma nilimwambia la kufanya na akafanya, mtu mzima mwenye kampuni yake ya mabomba, akimsikiliza msusi aliyelowa. Niliupapasa mfuo kwa mti kabla ya kuweka ubao. Ulikuwa safi. Tulikuwa tumeweka wa sita tulipousikia.

Haukuwa mlio wa kupasuka. Ulikuwa kama pumzi ya mnyama mkubwa anayelala. Tukainua macho, tukaona kipande cha njia, mita kama kumi, kikiinama polepole kuelekea bondeni na mti mmoja wa miiba juu yake, umesimama wima hata ukiondoka. Kisha maji yakafuata. Yalitoka ya kahawia, yakiwa na sauti ya treni, yakaangukia bustani, yakalinyanyua banda la kuku na kuligeuza, yakagonga ukuta wa nyumba na kupasukia pande mbili. Mbao zetu zilipiga kelele. Zilikaza. Hazikutoka.

Yalidumu dakika chache. Kiwango kikashuka, maji yakaanza kuvuta miguu, na mwisho mfereji wa kati ukawa bonde la tope linalong'aa, na samaki wanarukaruka humo. Nyumba ilikuwa imesimama. Juu upande wa kulia, kwenye nyasi, Bi. Eluned alisimama na kofia yake, kuku wawili kwapani, na saa ya ukutani mkononi.

Norman Tibbs alikaa chini akaanza kulia. Nami nikamshika bega, nikiwa sijui niseme nini, kwa mara ya kwanza maishani.

Watu wa ofisi ya mfereji walifika kwa lori baada ya saa moja na nusu. Msimamizi wao alikuwa kijana, amevaa suti ya Jumapili na buti. Aliutazama mpasuko, akaenda kutazama mbao za pande zote mbili, akarudi kwa mzee amevua kofia.

"Bwana Parry, umeifanya kazi hii mwenyewe?"

"Mimi nilikuwa nimelala juu ya mawe. Muulize huyo aliyelowa."

Ilichukua wiki saba kuukanda udongo upya na kuujenga ukingo. Akina Tibbs walirudi Birmingham kwa basi, wakaja kuichukua mashua Julai. Bi. Eluned alijengewa banda jipya na msimamizi yuleyule, kwa mikono yake, ingawa bibi mwenyewe alisema kwamba lile la zamani lilikuwa zuri zaidi.

Lakini siku ile, ilipofika saa kumi, nilidhani tutarudi nyumbani. Bi. Eluned alinipa sketi yake ya kanisani, pana ya kuingia wanawake wawili, soksi za sufu, na buti za marehemu kaka yake. Nikamwambia mzee kuna basi Llangollen.

"Basi la nini?" akasema. "Hatujafika."

"Baba, umechoka."

"Nimechoka. Hatujafika."

Tukaenda. Polepole, tukipumzika kila daraja. Tulipita Llangollen, watu wakiikodolea macho sketi yangu, na mzee akawaambia wote kwa Kiwelisi jambo lililowafanya wanivulie kofia. Sikumwuliza ni nini. Baada ya mji mfereji unakuwa mwembamba, maji yake maangavu kiasi cha kuona changarawe, na yanakujia mbio kidogo, kama yana habari.

Tulifika jua likiwa bado juu ya mlima. Kiatu cha Farasi si maporomoko ya kutisha. Ni ukuta mfupi wa mawe uliopinda katikati ya mto, mrefu, na mto Dee mzima unateleza juu yake kwa usawa, kipande kimoja cha kioo kilichokunjwa, bila hata mahali pamoja kuwa pembamba kuliko pengine. Pembeni maji kidogo yanajitenga kwa utulivu, yanapita chini ya nyumba ndogo, na huo ndio mwanzo wa yote: mahandaki, daraja la angani, sisi.

Mzee alikaa kwenye nyasi, akavua buti na soksi. Miguu yake ilikuwa myeupe, yenye mishipa, miguu ya mtu aliyesimama topeni miaka thelathini na minane. Akaiingiza mtoni.

"Mtu fulani alitembea mto huu," akasema, "akitafuta mahali maji yalipo juu kiasi cha kutosha, lakini si juu mno. Hakuwa na ndege, hakuwa na chochote. Alikuwa na miguu na darubini ya kupimia. Akafika hapa, akasema: hapa. Na hakukosea hata kwa inchi moja." Alitikisa kichwa. "Nimefanya kazi chini ya yule mtu maisha yangu yote, Lorna, na sijawahi kuja kumwona bila koleo begani."

Nilivua buti za kaka yake Bi. Eluned, nikakunja sketi, nikakaa karibu naye. Maji yalikuwa baridi kuliko ya mferejini. Tulikaa hapo mpaka jua likahama kutoka ukutani kwenda kwenye miti ya ng'ambo, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haja ya kusema neno.